Nani Alikuona?

Nakumbuka Jumapili moja, nikiwa kijana wa ndevu chache za kujivunia, nilipokabidhiwa fimbo ambayo sikuiomba. Mvua ilikuwa imenyesha hapa Kabuga, pembeni ya Kigali, tangu misa ya kwanza, ikakatika ghafla, na sisi vijana tukatandika mikeka yetu nyuma ya mashine ya kusaga kama kawaida. Fimbo yenyewe haikuwa ya ajabu. Ilikuwa fimbo ya mchungaji, imelainika kwa kushikwashikwa. Msichana aliyeitwa Vestine, ambaye ndiye aliyetuongoza, alisimama nayo, akazungusha macho duara zima, kisha akaja akaniwekea mapajani. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi, mwanangu, sikupiga. Niliitazama ile fimbo kama mtu anavyotazama sahani ya nyama iliyoletwa na jirani wasiyesalimiana naye.

Nikwambie mapema, maana utalisikia hata kwa wengine: mimi ni mtu wa kushuku. Sioni haya kulisema. Marehemu mama yangu alikuwa akiuza maharage katika soko la hapa Kabuga, na mtoto wa muuza maharage hujifunza mapema kwamba mazuri hupangwa juu. Mkulima akimletea gunia, mama hakutazama juu hata kidogo. Alipitisha mkono pembeni mpaka kiwiko kikazama, akachota ya chini kabisa, akayafungua kiganjani kwenye mwanga. Huku anafanya hivyo anamuuliza mkulima habari za watoto, kwa upole, tena kwa tabasamu. Wengine walimwona mkorofi. Lakini maharage yake hayakuwahi kurudishwa na mteja.

Sasa juzi mmekuja hapa kwangu, vijana wazuri, mmevaa fulana zenye maandishi kifuani, mkaniomba ua wangu wa nyuma mkutanie Jumamosi. Mkasema mnataka wakubwa wawalee wadogo, mfundishane mila na kusema mbele za watu, ili taifa lipate viongozi wanaojua walikotoka. Maneno matamu. Nilipowauliza nani amewatuma, mkatazamana, na mmoja wenu akacheka chinichini akidhani mzee amezeeka. Sikukasirika. Nami niliwahi kumuuliza mtu swali hilohilo, na jibu lake ndilo linalonifanya nikuandikie leo wewe kati ya wenzako.

Ujue kwanza kwamba mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wamekimbilia huko. Tuliporudi, nilikuwa na Kiswahili kingi kinywani na Kinyarwanda cha nyumbani, kile cha kuomba chakula na kukaripiwa. Hapa sokoni wakaniita Mutanzaniya. Hawakuniita kwa ubaya, nadhani, ila jina likishabandikwa halibanduki kirahisi. Kule Karagwe nilikuwa Mnyarwanda, huku nikawa Mtanzania, na moyoni nikawa sijui niitwe nani. Usifanye mchezo na kiu ya namna hiyo. Mtu mwenye kiu ya kuwa wa mahali fulani anaweza kunywa maji yoyote atakayopewa.

Vestine yeye alikulia kwa bibi yake, mwanamke wa zamani aliyejua mashairi ya ng'ombe na majigambo ya mashujaa kama wewe unavyojua nyimbo za simu yako. Bibi alipofariki, binti huyu akaona maneno yale yatafia kifuani mwake. Akawaita vijana wenzake. Hapakuwa na padri, wala diwani, wala mtu mwenye mvi. Aliyejua methali tano alimfundisha aliyejua mbili, na kila mkubwa alikuwa na mdogo wake wa kumshika mkono: anamsahihisha matamshi, anamuuliza habari za shule, na akikosekana Jumapili anamfuata kwao. Mwalimu wangu mimi alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mkali kama pilipili, aliyenirudisha kwenye neno moja mpaka ulimi ukauma. Niliona aibu, lakini nilikwenda kila Jumapili.

Wazee wa Kabuga walinung'unika. Majigambo, yale ambayo kwa Kinyarwanda huitwa icyivugo, tangu zamani yalikuwa mambo ya wanaume na mikuki: unasimama mbele ya watu, unajipa jina la sifa, unataja uliyoyatenda vitani. Iweje leo binti wa kuchota maji awafundishe wavulana kujigamba? Nami, sikufichi, nilinung'unika nao. Mara yangu ya kwanza kukaa mkekani nilimkatiza Vestine katikati ya maneno, nikamuuliza mbele ya wote, "Wewe, nani kakutuma?" Watu wakaguna. Yeye akaendelea na somo lake. 

Lakini kulikuwa na jambo moja katika duara lile ambalo hata mimi sikuweza kulikosoa. Vestine alikuwa ameweka desturi yake. Hakutaka mikuki ya kubuni. Ukisimama kujigamba, utaje jambo ulilolitenda kweli, hata kama ni dogo, na ukimaliza, duara zima litakuuliza kwa sauti moja: "Nani alikuona?" Hapo lazima uwe na shahidi. Kama shahidi hayupo, unaketi, Jumapili nyingine unarudi na jambo dogo zaidi. Kijana mmoja wa kutoka Rwezamenyo alijigamba kwamba amemfukuza chui. Tukamuuliza, nani alikuona? Akafikiri, akasema, "Chui." Tulicheka mpaka mwenye mashine akatoka kutazama kuna nini. Jumapili iliyofuata yule kijana akarudi akajigamba kwamba amemfundisha dada yake kusoma saa, na dada mwenyewe akasimama akasema ni kweli. Makofi aliyopata siku hiyo yalizidi ya chui wote wa mbuga ya Akagera.

Basi ndivyo tulivyoishi, na ndiyo maana siku fimbo ilipoletwa mapajani mwangu nilishtuka. Mwenye fimbo ndiye aliyeongoza duara. Ndiye aliyeamua nani aseme, nani amlee nani, na twende wapi tukiitwa. Walikuwepo pale watoto wa Kabuga waliosema Kinyarwanda kama maji yanayotiririka. Kwa nini nipewe mimi, Mutanzaniya, ambaye bado nilikuwa nasahihishwa na binti mdogo? Waswahili husema ukimwona kobe juu ya mti, jua amepandishwa. Nilijiona kobe. Nikaanza kumtafuta aliyenipandisha.

Nilianza na Vestine mwenyewe. Nikadhani kuna jambo analikimbia, kwamba kuna lawama inakuja na anataka imkute mwingine. Nilimuuliza njiani, "Mbona mimi?" Akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kigali, alichokitumia kwangu kwa huruma tu, "Ariko weye, Anastazi! Fimbo iko kwako sasa. Iko unaogopa nini?" Akacheka, akakata kona kwenda kwao. Mtu akicheka badala ya kujibu, mimi huhesabu kwamba swali bado halijajibiwa.

Fimbo haijapoa mkononi, akatokea mgeni. Alikuja na gari safi, akaliegesha mbali na tope, akatembea kwa kuchagua mahali pa kukanyaga. Alisema anafanya kazi Kimihurura, kule kwenye ofisi kubwa za Kigali, ofisi gani hakutaja, na sisi kwa adabu hatukuuliza. Tulimwita Diregiteri, yaani mkurugenzi, maana kila mtu mwenye gari na shati la mikono mirefu tulimwita hivyo, naye hakukataa. Alikaa nasi mara ya kwanza, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha. Mwishoni akasimama akasema kwamba mwacha mila ni mtumwa, kwamba sisi ndio taifa la kesho, na kwamba haiwezekani vito kama hivi vifichwe nyuma ya mashine ya kusaga. Wenzangu walimeza kila neno. Mimi nikajiuliza, huyu mtu amejuaje kwamba tuko hapa, na kwa nini amekuja wiki hii na si mwaka jana?

Alipotoka akaniita nimsindikize. Nikakaa kwenye gari lake, kiti laini mpaka kinakumeza. Akaniambia atatupeleka Kimihurura, kwenye mkutano wa wageni wakubwa, na mimi ndiye nitakayesimama mbele kama kiongozi wa vijana. Baada ya hapo nitaitwa kila mahali. Hakuna atakayeniita Mutanzaniya tena, akasema. Mwanangu, sijui nani alimpa neno lile. Aliweka kidole penyewe, kwenye kidonda.

Kisha akanifundisha majigambo ya kusema siku hiyo. Alinisomesha kwa mdomo, mstari kwa mstari, ndani ya gari lile. Yalikuwa ya zamani, mazuri ajabu, maneno mazito ambayo mwalimu wangu mdogo hakuwahi kunifikisha. Ndani yake nilikuwa mwana wa mashujaa, ngao yangu haikurudi nyuma, na adui walilijua jina langu kabla ya kuniona uso. Niliyarudia, na kwa mara ya kwanza ulimi wangu haukujikwaa. Nilihisi raha, sikatai. Ndipo akaongeza mambo mawili, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuiva. La kwanza, Vestine asisimame mbele, akae na wasichana, wavae mishanana, yale mavazi ya sherehe ya kufungwa begani, washike vikapu, wapendeze. La pili, ile desturi ya kuuliza nani alikuona tuiache. "Inakera wageni," alisema. "Inawafanya wadhani hatuaminiani."

Nilishuka kwenye gari nikiwa na majigambo kichwani na mashaka tumboni. Mambo yale mawili yalikuwa maharage ya chini ya gunia. Mtu akikuletea neema, kisha akakuomba umfiche mmoja na ufute swali moja, mtazame vizuri huyo aliyefichwa na hilo swali lililofutwa. Hayo nayasema leo kwa urahisi. Siku ile nilijibishana na moyo wangu njia nzima. Moyo ulisema, kataa. Kiu ilisema, we ngoja kwanza.

Nyumbani nikajifungia nyuma ya pazia nifanye mazoezi. Nikaanza taratibu, kisha sauti ikanikolea, nikawa nanguruma ngao yangu hivi, mkuki wangu vile. Mama alikuwa nje ya pazia akichambua maharage. Sikuwa nimemwambia lolote. Nilipofika mwisho nikasikia sauti yake ya kila siku, "Anastazi, huyo unayemsifu ni nani?"

Nikachungulia penye pazia.

"Mwambie aingie basi," akasema, "chakula kipo. Ila wewe mwanangu nimekutafuta tangu mchana, sijui umekwenda wapi."

Akaendelea na maharage yake, mabovu huku, mazima kule. Nimekemewa na wengi maishani, nimewahi hata kupigwa kofi na mwalimu mbele ya darasa, lakini sijawahi kukemewa vikali kama kwa mwaliko ule wa chakula. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako walikuwa hawatanii. Nilikula usiku ule nikitazama sahani.

Hata hivyo sikuwa na ushahidi. Shaka peke yake si ushahidi, na hapo ndipo watu wengi wa kushuku hukosea. Wanashuku, wanasema, wanamchafulia mtu jina, kisha inaonekana hakuwa na kosa. Ningesimama mbele ya wenzangu niseme Diregiteri ana hila, wangeniuliza hila gani, nami ningejibu nini? Kwamba amekataza swali? Kwamba ana gari? Nikaamua kufanya kama mama: kuuliza habari za watoto kwa tabasamu huku mkono unashuka pembeni mwa gunia.

Jumapili ya mazoezi ikafika. Tulipokuja nyuma ya mashine tulikuta mikeka imekunjwa na kuegeshwa ukutani. Diregiteri alikuwa ameleta viti vya plastiki, vyeupe, vimepangwa kwa mistari vikitazama upande mmoja, na upande huo palikuwa na kiti chake na changu. Vijana wakakaa kwa furaha, maana nani asiyependa kiti. Lakini duara lilikuwa limekwisha. Ukikaa hivyo huoni uso wa mwenzako, unaona kisogo chake, na nyuso zote zinamtazama mtu mmoja. Vestine alichukua mkeka wake, akautandika chini pembeni, akaketi, akanyoosha miguu.

Nyuma kabisa, karibu na mlango wa mashine, nikamwona mama. Hakuwahi kuja pale hata siku moja. Alikuwa amefunga kibanda chake mapema, siku ambayo watu hununua, akaja amesimama na khanga yake mabegani. Nilijua alichofuata: kumwona huyo niliyekuwa namsifu. Kushuku nimekurithi kwake pamoja na paji la uso.

Nikasimama na fimbo. Diregiteri akaniashiria nianze. Nikainamisha kichwa kwa heshima nikasema kwamba kwetu mgeni hutangulizwa, na kwamba sisi wadogo tungependa kujifunza kwanza kutoka kwake. Tunaomba atupe majigambo yake mwenyewe, ndipo nami nithubutu. Vijana wakashangilia. Yeye akajivuta kidogo, kisha sifa zikamlevya. Akasimama, akatupa mkono mbele, akaanza.

Mwanangu, yalikuwa yaleyale.

Mwana wa mashujaa, ngao isiyorudi nyuma, adui walijuao jina kabla ya uso. Mstari kwa mstari, alibadilisha jina tu. Alinipa mimi koti lake, kisha akasahau akalivaa mwenyewe mbele yangu. Sijui alisahau kweli au aliona haidhuru, maana nani angejua isipokuwa mimi? Aliyasema vizuri, sitamnyima haki yake. Sauti ilipanda na kushuka, na wenzangu walikuwa wameacha midomo wazi. Alipomaliza, kabla makofi hayajaanza, mazoea yakawashinda. Duara lililokuwa limevunjwa likajisahau kwamba limevunjwa, likauliza kwa sauti moja toka kwenye viti vyake vyeupe:

"Nani alikuona?"

Akacheka. Akatazama kushoto na kulia kama anayetafuta msaidizi, akatoa simu kiunoni, ile nzito ya enzi hizo, akaitazama ingawa haikulia. "Bana banjye," akasema, yaani wanangu, "hii ni mila, si mahakama." Kwetu swali lile halikuwa ukorofi, ndilo lililokuwa mila yenyewe, na mtu aliyekuja kutupeleka mbele za wageni kwa ajili ya mila alikuwa hajui hilo. Ndipo Vestine, kutoka chini mkekani, akasema kwa utulivu, "Basi Anastazi iko na zamu."

Na mimi sasa nilikuwa sina kitu. Majigambo yangu yalikuwa yameshasemwa na mwenyewe. Nilisimama na fimbo, nyuso zote zikinitazama, na ile kiu yangu yote ya kuwa mtu wa hapa ikiwa wazi mbele ya kila mmoja. Nikatafuta ndani yangu jambo moja la kweli. Halikuwa la kishujaa. Sikuwahi kulisema kwa mtu. Nikalisema kwa Kinyarwanda changu cha nyumbani, kile cha kuomba chakula, na jina la sifa nikajipa la kawaida tu:

"Mimi ni Mgongo. Tuliporudi kutoka Karagwe, lori liliharibika kabla ya mpaka wa Rusumo. Mdogo wangu Yozefina alikuwa anachemka homa. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye zahanati ya masista. Nilimtajia majina ya mbuzi wote wa kwetu ili asilale. Nililia njia nzima. Sikumshusha."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa yote. Hakuna aliyewahi kuingiza kilio chake katika majigambo, nadhani, tangu mikuki ianze kuchongwa. Mtu mmoja alikohoa. Kisha, taratibu kuliko kawaida, wakaniuliza, nani alikuona?

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Yozefina wa siku ile alikuwa hajitambui kwa homa. Njia ilikuwa tupu mbele yangu, na nyuma sikugeuka hata mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwa kijana na niliona aibu ya machozi. Nilikuwa nainama niketi, niahidi kurudi Jumapili nyingine na jambo dogo zaidi.

"Ni njye wamubonye."

Ilikuwa sauti ya mama, kule nyuma, mlangoni mwa mashine. Yaani, mimi ndiye niliyemwona. Akasogea mbele kati ya viti, taratibu, akizungumza na vijana wala si nami. "Nilikuwa nyuma yake na mzigo kichwani na kitinda mimba mgongoni. Alilia mpaka kola ya shati ikalowa. Nilitaka nimwite tupumzike, nikaona nikimwita atajua nimemwona, ataona haya. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Mama yangu hakuwa mtu wa kuzungumzia safari ile. Hakuwahi kabla, na baada ya siku ile hakurudia tena. Alirekebisha khanga yake, akarudi sokoni kufungua kibanda. Mimi nililia mara ya pili kwa ajili ya barabara ileile, na safari hii nililia mbele ya watu, na sikuona aibu hata chembe.

Sijui nani aliinuka kwanza. Nakumbuka tu viti vikisukumwa na mikeka ikitandikwa upya. Diregiteri alisubiri kidogo, akasema tuna vipaji vikubwa, akaondoka na ahadi ya kurudi. Siku ya pili kijana akaja na gari dogo kuchukua viti. Baadhi ya wenzetu walikwenda naye Kimihurura, sikuwazuia. Walivaa vizuri, wakapigwa picha, na walipoitwa tena hawakuambiwa wanaongozwa na nani. Mmojammoja wakarudi, wakaketi mkekani, na hakuna aliyewacheka.

Unataka nikwambie yule mtu alitaka nini? Sijui. Sikuwahi kujua. Huenda alikuwa mtu mwema mwenye haraka, aliyependa mila kama watu wanavyopenda maua yaliyokatwa. Huenda alikuwa na lake. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye, na pengine usiyemdhania ndiye. Bado namshuku, na nimeridhika kumshuku bila kumhukumu. Siku hizi nikipita Kimihurura na kuona lile jumba la mikutano linavyowaka rangi usiku, huwa najiuliza ni nani ndani yake amesimama na koti la mtu mwingine.

Jioni ile nilimsindikiza Vestine. Nikamuuliza tena, kwa mara ya mwisho, kwa nini alinipa mimi fimbo. Safari hii hakucheka.

"Bose," alisema, yaani wote, "walikuwa wananipigia makofi tu. Weye siku ya kwanza uliniuliza nani alinituma. Nilikasirika rwose. Lakini kufika nyumbani, nikajiuliza mwenyewe. Nikaona iko swali nzuri. Nikasema, huyu siku moja nitamupatia fimbo, atanilindia watoto."

Akaongeza methali ya bibi yake, ijya kurisha ihera ku rugo, kwamba ng'ombe aendaye malishoni huanza na majani ya uani kwake. Yeye ni mama mtu mzima sasa, na Yozefina ana watoto wakubwa kule Rwezamenyo, wananisumbua kwa simu kila sikukuu.

Basi mwanangu, ua wangu mmeupata. Njooni Jumamosi. Ila usinitazame kwa jicho la pembeni nikiwauliza nani kawatuma, maana sikuulizi kwa kukudharau. Mimi humshuku yule tu ambaye namwona anaweza kupewa fimbo. Ukikabidhiwa uongozi, usiukimbie na usiukumbatie siku hiyohiyo. Tia mkono chini ya gunia kwanza, na utie kwa adabu, ukiuliza habari za watoto. Mlezi wa kweli, awe wa umri wako au wa umri wangu, haogopi swali, na siku ikifika anaachia fimbo bila kuvutwa. Ukimwona anayekupandisha huku akimficha aliyekulea, shuka upesi, mti huo si wako. Mila zako zijue, zipende, lakini usizivae kama koti la kuazima. Zianzie kwenye barabara uliyotembea mwenyewe, hata kama uliitembea unalia. Na wale wadogo utakaowashika mkono, watazame vizuri wanapotenda jambo jema wakidhani wako peke yao, maana siku moja watasimama mbele za watu na watahitaji mtu wa kusema nilikuwepo.

Mungu akujalie mgongo usiochoka. Akuepushe na viti vinavyotazama upande mmoja. Akupe jambo moja la kweli la kusema, na siku watakapokuuliza nani alikuona, asikosekane nyuma yako mtu aliyekuwa akitembea kimya.